Mashamba ya Kivu: nani alikuwa kwenye kilima siku ya kupima?

Kesi za mashamba zinajaza meza za matribinali ya mashariki mwa Kongo, na nyingi zinafanana. Mtu wa kwanza anakuja na majirani wake. Huyu alizaliwa kando ya shamba, yule alikuwepo siku babu alipopeleka ngombe kwa mwami, na wote wanajua mti gani ndio mpaka. Mtu wa pili anakuja na bahasha. Ndani mna cheti cha usajili chenye muhuri, nambari, hesabu ya hekta na mchoro. Mwamuzi anasikiliza, kiisha anaomba kuona mchoro. Yule wa kwanza hana mchoro.

Watu wanasema lazima mmoja wao anadanganya. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa kipimo chake. Kivu iko na vipimo viwili vya ardhi tangu zaidi ya miaka mia moja, na hakuna serikali iliyowahi kuviunganisha. Ili kuelewa namna gani karatasi halali inaweza kumfukuza mtu halali, inafaa kurudi nyuma, hadi siku ambapo nchi hii ilipimwa mara ya kwanza, na waliopima hawakuwa wamefika.

Mstari wa rula

Tarehe 1 Agosti 1885, Dola Huru la Kongo, ile nchi ambayo mfalme Leopold II wa Ubelgiji alijipatia, ilitangaza mipaka yake. Kwa upande wa mashariki tangazo lilisema hivi: mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika kufika pahali ambapo meridiani ya 30 inakutana na latitudo ya 1°20' kusini, kutoka pale, kuifuata meridiani hiyo kwenda kaskazini. Ziwa Kivu halikutajwa. Hakuna Mzungu aliyekuwa amelifikia. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alilifikia mwaka 1894, miaka 9 nyuma ya tangazo. Mstari ule ulipita juu ya vilima ambavyo leo ni Rwanda, ukaliacha ziwa zima upande wa Kongo, na hakuna mwami wa upande wowote aliyeulizwa.

Wajerumani walipofika na kuona volkeno na ziwa, wakasema rula haifai, sherti mpaka ufuate milima na maji. Waingereza nao wakaingia katika ugomvi kwa upande wa Uganda. Mwezi wa Mei 1910 wakapatana kule Brussels: mto Rusizi, ziwa Kivu pamoja na kisiwa cha Idjwi upande wa Wabelgiji, halafu volkeno hadi Sabinyo. Mwaka 1911 tume ya wapimaji ikapita kwa miguu kuweka mawe, yale ambayo watu hadi leo wanaita maborne.

Mambo hayo si ya zamani sana. Juni 2014, wanajeshi wa Kongo na wa Rwanda walipigana kwenye kilima cha Kanyesheja, upande wa Kibumba. Watu walikufa, na swali ambalo waangalizi walipaswa kujibu lilikuwa swali la jeometra: kilima hiki kiko upande gani wa mstari? Mawe mengi ya zamani hayakuonekana tena mahali pake.

Ardhi "isiyo na mwenyewe"

Mpaka wa nchi ulichorwa kwa rula, na mashamba yakafuata njia ile ile. Tarehe 1 Julai 1885, mwezi mmoja mbele ya tangazo la mipaka, ordonansi ya Dola Huru ilisema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na kwamba mtu hana haki ya kukaa juu ya ardhi bila hati. Neno fupi, lakini karibu kila kitu kilichofuata kimetoka humo. Ni nani anayeamua kama ardhi haina mwenyewe? Ni mtu wa Bula Matari, jina lile wazee walilompa Stanley na kiisha serikali yote ya wakoloni. Anapita kilimani, anaona nyumba na mashamba yaliyolimwa. Hayo anaandika ni ya wenyeji. Anaona majani marefu, pori, mteremko wenye ngombe wachache: anaandika "wazi". Yale majani marefu yalikuwa shamba lililopumzishwa, na mteremko ulikuwa malisho ya wakati wa kiangazi. Mtu wa Kabare ao wa Masisi angemueleza hayo kwa dakika mbili, kama angeulizwa.

Mwaka 1906, baada ya kelele nyingi za ulimwengu juu ya ukatili wa utawala wa Leopold, dekreti ya tarehe 3 Juni ilipanua kidogo: ardhi ya wenyeji ni ile wanayokaa, wanayolima ao wanayotumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi zao. Maneno mazuri. Yafaa kuyakumbuka, sababu yatarudi mwaka 1973 karibu neno kwa neno, lakini na matokeo mengine kabisa.

Kwa ardhi ambayo dola ilijipatia, ilihitajiwa njia ya kuigawa na kuiandika. Njia hiyo ilitoka mbali: Australia ya Kusini. Kule Adelaide, Robert Torrens, aliyekuwa mkubwa wa forodha, alileta sheria mwaka 1858 iliyotaka ardhi iandikwe katika kitabu kimoja cha serikali, karibu kama vile meli zinavyoandikwa bandarini. Anayeandikwa katika kitabu ndiye mwenyewe. Hakuna haja ya kuuliza ni nani aliyeuzisha mwanzoni, wala kuita wazee. Ni mfumo safi, na unafanya kazi vizuri kwa ajili ya benki na kwa ajili ya mnunuzi. Lakini ulizaliwa katika nchi ambapo walowezi walikuwa wamekwisha kuihesabu ardhi ya wenyeji kuwa haina mtu. Kitabu kilianza na ukurasa mweupe. Kongo ilichukua kitabu pamoja na ukurasa wake mweupe, na hadi leo ofisi ya konservateri wa hati za ardhi inafanya kazi juu ya wazo lile.

Ngombe wa kalinzi

Lakini ukurasa haukuwa mweupe. Katika Bushi, kwa mfano, kulikuwa na kalinzi. Mtu anayetaka shamba anapeleka ngombe kwa mwami ao kwa mkubwa aliye chini yake, mbele ya mashahidi, na anapewa ardhi ambayo watoto wake watairithi. Anabaki na deni la heshima kwa aliyempa. Anayehitaji shamba kwa muda tu anaomba bwasa: analima maharage ao mihogo, lakini hapandi migomba, sababu mgomba unadumu, na kitu kinachodumu kinaonyesha umiliki. Kwa Wahunde kulikuwa na mutulo, kwa Wanande muhako, kila mahali na kanuni zake.

Hiyo pia ni namna ya kupima. Haihesabu hekta, inahesabu watu. Mpaka unatembewa pamoja na majirani, unawekewa alama ya miti ao jiwe ao kijito, na ukweli wake unakaa katika vichwa vya wale waliotembea siku hiyo. Nguvu yake ni kwamba jirani hawezi kusema hakuwepo. Uzaifu wake unajulikana pia: shahidi anakufa, shahidi ananunuliwa, na mwami mpya anaweza kusema ngombe wa babu yako hakuonekana katika zizi la babu yake. Na mwanamke? Kalinzi ilifuata wanaume. Mama mjane asiyekuwa na mtoto mwanamume aliweza kujikuta nje ya shamba alilolilima miaka 30, na hakuna jirani aliyemtetea, ingawa wote walijua jembe lilikuwa mkononi mwa nani. Wanaoimba sifa za desturi wanasahau ukurasa huo.

Wakoloni hawakufuta kalinzi. Waliiacha iendelee chini, wakajenga kipimo chao juu yake. Mwaka 1928 wakaunda Kamati ya Kitaifa ya Kivu, CNKi, iliyopewa uwezo wa kugawia walowezi ardhi kubwa. Wapimaji wakapanda na minyororo yao na teodolite. Kahawa, chai, pareto na kinini zikaingia katika vilima. Mwaka 1925 ilikuwa imeundwa Mbuga ya Albert, Virunga ya leo, na dekreti ya mwaka 1935 ikatoa mipaka yake mirefu kwa maneno: fuata mto huu, kata kuelekea kilima kile. Wavuvi na wakulima wa Rutshuru na Lubero wanabishana na walinzi wa mbuga hadi sasa juu ya mto gani hasa unasemwa. Na kuanzia 1937 misheni ya kuhamisha Wanyarwanda ilileta familia nyingi kutoka Rwanda na kuziweka katika Masisi, juu ya ardhi ambayo serikali ilisema imepatikana kwa haki, na ambayo wenyeji walisema iliazimwa tu. Kila upande bado unaeleza hadithi hiyo kwa namna yake, na watu walikufa kwa ajili yake mwaka 1993, vita vilipoanzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, na kuingia Masisi.

Sheria ya 1973: mlango uliobaki wazi

Baada ya uhuru wengi walidhani mashamba ya wazungu yatarudi kwa wenyewe. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilirudisha ardhi kwa serikali. Kiisha ikaja sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo bado ni msingi wa kila kesi ya shamba nchini. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya serikali peke yake, haiuzishwi wala haipotei kwa kupita kwa miaka. Raia hapati udongo. Anapata konsesyo, yaani haki ya kuutumia, na cheti cha usajili ndicho ushahidi wake.

Na wale wa kalinzi? Kifungu cha 387 kinasema ardhi inayokaliwa na jamii za wenyeji inakuwa ardhi ya serikali. Kifungu cha 388 kinaeleza ardhi hiyo ni ipi: ile wanayokaa, wanayolima ao wanayotumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi. Ni maneno ya 1906. Mwaka 1906 yalitumiwa ili kusema ardhi hii ni ya wenyeji. Mwaka 1973 yakatumiwa ili kusema ardhi hii ni ya serikali. Halafu kifungu cha 389 kinaahidi kwamba haki za matumizi zilizopatikana vizuri juu ya ardhi hizo zitapangwa na ordonansi ya Rais wa Jamhuri.

Zaidi ya miaka 50 imepita. Ordonansi hiyo haijatoka.

Katika pengo hilo kila mtu amejenga anavyoweza. Mwami anaendelea kugawa, ingawa kwa sheria hana tena ardhi ya kugawa. Kadasta inaendelea kuandika, ingawa kwenye kilima kuna watu. Miezi michache baada ya sheria, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza mali za wageni zipewe Wazaire, na mashamba makubwa ya Kivu yakaenda kwa watu wenye njia ya kufika Kinshasa. Mwenye habari na pesa aliweza kupata cheti juu ya vilima ambavyo hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Shefu mara nyingi alikuwa ndani ya mpango. Alipewa kitu, akasaini kwamba hakuna mtu. Wanaosema shida yote ni kadasta wanasahau saini hiyo ya shefu.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, inahakikisha haki ya mali ya mtu ao ya jamii iliyopatikana kufuatana na sheria ao na desturi. Maavoka wa wakulima wanaisoma kwa sauti katika tribinali. Wakati mwingine inasikilizwa.

Siku moja tu

Pamoja na hayo, sheria ya 1973 yenyewe iko na sehemu ambayo raia wengi hawajawahi kuelezwa. Kabla ya serikali kutoa konsesyo juu ya ardhi ya vijijini, sherti ifanyike anketi. Vifungu vya 193 na kuendelea vinaeleza: ombi linabandikwa mahali watu wanaweza kulisoma, mipaka ya ardhi inayoombwa inahakikishwa mahali penyewe, watu wote wanaoonekana hapo, ao wanaofanya kazi yoyote hapo, wanahesabiwa, vitu vilivyopo vinaandikwa, maji, miti, njia, na malalamiko yanasikilizwa, hata yale yanayosemwa kwa mdomo bila karatasi.

Kwa maneno mengine, kuna siku moja ambapo vipimo viwili vinakutana. Siku hiyo mkulima asiyejua kusoma anaweza kusimama mbele ya watu wa serikali na kusema: mimi niko hapa, mama yangu alizikwa pale, na sherti maneno yake yaandikwe. Baada ya siku hiyo, nafasi inapungua haraka. Cheti kikitoka, kuna miaka 2 ya kukishitaki kwa sababu ya udanganyifu ao kosa. Miaka 2 ikipita, kifungu cha 227 kinasema haki zilizoandikwa haziguswi tena. Aliyenyanganywa anaweza tu kuomba fidia ya pesa.

Hesabu inayofanywa na walaghai ni nyepesi. Anketi inaandikwa ofisini, bila mtu kupanda kilima. Ombi linabandikwa ndani ya ofisi ambayo mkulima haingii. Cheti kinakaa kabatini miaka 2, bila kelele, bila borne hata moja kuonekana shambani. Mwaka wa tatu, mwenye cheti anatokea na polisi. Majirani wanashangaa: shamba halikupimwa hata siku moja! Katika mafaili, lilipimwa.

Ndiyo maana maavoka wazoefu, wakipokea kesi ya namna hiyo, hawaanzi na mchoro. Wanaomba proseverbali ya anketi. Wanaangalia tarehe, majina ya waliohesabiwa, saini za majirani. Proseverbali inayosema "hakuna mtu" juu ya kilima chenye shule na makaburi ni ushahidi wenye uzito, lakini ni kwa yule tu aliyeuliza mapema.

Lava haiulizi karatasi

Mjini mambo ni mengine, lakini swali ni lile lile. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilishuka ndani ya Goma, na lava ikafunika karibu 13% ya mji. Nyumba, barabara, miti ya mpaka na maborne vilizikwa chini ya jiwe jeusi. Watu walirudi na kujenga juu yake, lakini kwanza ilibidi kujua nani alikuwa wapi. Wenye mchoro wa kadasta walikuwa na vipimo. Wengi wengine walikuwa na fishi ya parseli tu, ao karatasi ya kuuzishana iliyosainiwa mbele ya shefu wa mtaa, na inayosema parseli inapakana na fulani kushoto na fulani kulia. Fulani akiwa amehama, karatasi inabaki bila mguu. Mwezi wa Mei 2021 mlima ulirudia, safari hii upande wa Buhene na teritware ya Nyiragongo.

Karatasi ya majirani inahitaji majirani. Mchoro wenye namba za setelite unaweza kuipata parseli hata chini ya lava, na hapo mfumo wa Torrens unaonyesha nguvu yake. Ni kosa kuuchukia kwa sababu tu ulitumiwa vibaya.

Upande wa pili wa mpaka, Rwanda iliandikisha nchi nzima kati ya 2009 na 2013, zaidi ya parseli milioni 10. Wengine hawatapenda mfano huo, na iko na sababu: pale nchi ni ndogo, Kivu ya Kaskazini peke yake inaizidi mara mbili kwa ukubwa, na serikali yake inafika kila kilima, kwa mema na kwa mabaya. Lakini namna ya kazi inafaa kuangaliwa. Hawakutuma jeometra kila mahali. Walichapa picha zilizopigwa kutoka angani, wakafundisha vijana wa vijijini, kiisha mwenye shamba na majirani wake wakatembea mpaka pamoja na kuuchora juu ya picha, mbele ya kamati. Majina ya wake yaliandikwa pamoja na ya waume. Kwa sehemu hiyo, ni kalinzi yenye mchoro.

Katika Kivu ya Kusini kuna sultani kadhaa ambapo mashirika ya raia na waami wamejaribu njia inayofanana kwa udogo: mpaka unatembewa, majirani wanasaini, jipiesi inachukua namba, na mkulima anapewa cheti cha kimila kwa bei anayoweza kulipa. Ni kazi nzuri. Shida yake ni kwamba sheria ya 1973 haikijui cheti hicho. Kinasaidia mbele ya mwami na mbele ya wapatanishi. Mbele ya mtu mwenye cheti cha konservateri, kinategemea mwamuzi. Sera mpya ya taifa juu ya ardhi, iliyopitishwa na baraza la mawaziri mwaka 2022, inakubali kwamba haki za kimila zinahitaji kulindwa. Sera inatoa mwelekeo tu. Katika tribinali inayotumika ni sheria.

Kilima bila watu

Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, na katikati ya Februari Bukavu pia. Vitabu vya ardhi, michoro na mihuri ya miji hiyo vilikuwa katika ofisi zilizobaki nyuma. Wakaaji wenye umri wanakumbuka wakati wa RCD, kuanzia 1998 hadi 2003, ambapo pia Goma na Kinshasa zilikuwa na serikali mbili. Mashamba yaliyobadilisha mikono wakati huo, hasa kule Masisi, yaliendelea kuleta ugomvi miaka mingi baada ya amani kusainiwa. Anayenunua parseli leo katika eneo la vita anapaswa kujiuliza saini anayolipia itatambuliwa na nani kesho. Hilo ni kweli kwa kila upande wa mstari wa mapigano.

Lakini hatari kubwa zaidi haiko mjini. Masisi, Rutshuru, Nyiragongo, Kalehe, Djugu na Irumu, watu wengi wamekimbia vilima vyao, wengine mara ya tatu ao ya nne. Majani yamekua marefu juu ya mashamba. Wazee waliotembea mipaka ya baba zao wako kwa jamaa mjini, ao ngambo ya mpaka, ao wamekufa njiani. Mtu akipeleka ombi la konsesyo juu ya kilima kama hicho, na ofisi ikafuata sheria neno kwa neno, ikapanda mahali penyewe na kuhesabu watu wanaoonekana hapo, itaandika kile iliyokiona: hakuna mtu.